Programu ya simu imechelewa na mtengenezaji hajibu: mwongozo kamili kwa mfanyabiashara wa Lubumbashi

Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi walioagiza programu ya simu wanaijua hali hii: avansi imelipwa, tarehe ya kukabidhiwa kazi imepita, na mtengenezaji aliyekuwa akipiga simu kila siku kabla ya kupokea fedha sasa hajibu, au anajibu kwa sentensi moja tu: "Patron, tuko ku mwisho, mangaribi nitakutumia." Jioni inafika na hakuna kilichotumwa. Mwenye fedha anabaki na uchungu wa kazi isiyokwisha, na juu yake uchungu wa kutojua kazi hiyo imefika wapi. Huu wa pili ndio unaonyima usingizi, na kwa bahati nzuri ndio unaoweza kutibiwa mapema, hata kabla programu yenyewe haijakamilika.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kukwama. Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa mama mwenye depo ya unga wa mahindi na mafuta ya kupikia katika komini ya Kenya, anayewauzia wachuuzi wa Katuba na Kamalondo, na aliyeagiza programu ya kupokea oda pamoja na malipo ya M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Kila hatua ina lengo moja: kugeuza maneno ya mtengenezaji kuwa kitu kinachofunguka kwenye simu ya mteja, au kinachoonekana kwenye akaunti iliyo kwa jina la mteja.

Hatua ya kwanza: kusanya maandishi kabla ya kugombana

Usianze kwa ukali. Mtu akishatukanwa huanza kufuta ujumbe wake na kubadilisha maneno ya siri, na wewe utakuwa umepoteza ushahidi siku ileile uliyouhitaji. Keti kwanza na kukusanya mkataba au fakitire, ujumbe wa kuthibitisha kila malipo uliyotuma kwa simu, na mazungumzo yote ya WhatsApp, ambayo yanaweza kutolewa kama faili moja na kutumwa kwenye barua pepe yako. Ujumbe wa sauti usiuache ulivyo. Usikilize na uandike yaliyosemwa pamoja na tarehe, kwa sababu hakuna hakimu wala msuluhishi atakayesikiliza sauti za miezi kadhaa. Kama hamkuandikiana mkataba wowote, usikate tamaa, kwa kuwa makubaliano mliyofanya kwa ujumbe yana uzito wake.

Kisha chora jedwali kwenye daftari: tarehe, kilichoahidiwa, kilichotolewa, na nani alikuwa akimsubiri nani. Safu hiyo ya mwisho ijaze kwa uaminifu hata ikikuuma. Katika kazi nyingi zilizochelewa, sehemu ya muda ilipotea kwa mteja mwenyewe: orodha ya bidhaa na bei haikutumwa, nakala ya RCCM (usajili wa biashara) na namba ya kodi ambazo kampuni ya simu huzidai kabla ya kufungua huduma ya malipo zilichelewa, au mteja aliomba jambo jipya kila alipoonyeshwa jambo la zamani. Ukiyajua hayo kabla ya mkutano, hakuna atakayekushtukiza nayo.

Hatua ya pili: jua mali yako iko mikononi mwa nani

Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu kuliko hatua nyingine zote, kwa sababu mteja anayeshindwa kabisa kwa kawaida hashindwi kwa sababu ya kuchelewa. Anashindwa kwa kuwa siku ya kuachana anagundua kwamba hana hata kitu kimoja kilichoandikwa jina lake.

Anza na duka la programu. Programu ya Android inawekwa kwenye Google Play kupitia akaunti ya mtengenezaji programu, ambayo hulipiwa dola 25 mara moja tu. Ile ya Apple hulipiwa dola 99 kila mwaka. Hiki ni kiasi ambacho biashara inaweza kulipa yenyewe kwa kadi ya benki, na hakuna sababu ya msingi ya kukubali programu yako ikae kwenye akaunti ya mtu mwingine. Fungua akaunti kwa jina la biashara, kisha mwalike mtengenezaji kama mtumiaji mwenye ruhusa ya kupakia matoleo. Akaunti ya kampuni hudai namba ya D-U-N-S, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha kampuni, ambayo huombwa bure lakini inaweza kuchukua hadi siku 30, kwa hiyo iombe leo hata kama programu bado iko mbali. Ikiwa programu imekwisha kuwekwa kwenye akaunti ya mtengenezaji, Google inaruhusu kuihamisha kwenda akaunti yako pamoja na watumiaji wake na maoni yao; ombi hilo hutumwa na mwenye akaunti ya zamani, na ndiyo maana linapaswa kufanyika wakati mngali mnazungumza vizuri.

Pili ni msimbo, yaani maandishi yenyewe ambayo programu imejengwa kwayo. Dai uwekwe kwenye hifadhi ya mtandaoni kama GitHub, katika akaunti unayoimiliki wewe, na mtengenezaji awe mgeni humo. Faida yake haiishii kwenye umiliki. Hifadhi ya namna hiyo huonyesha tarehe na saa ya kila kazi iliyoingizwa, kwa hiyo hata mtu asiyejua kusoma msimbo anaweza kuona kama kazi imeguswa wiki hii au imelala tangu mwezi uliopita. Tafadhali usikubali faili ya ZIP iliyotumwa mara moja kwa barua pepe kama mbadala wake, kwani haikuonyeshi lolote kuhusu mwendo wa kazi, na pengine si toleo la mwisho.

Tatu ni ufunguo wa kutia saini. Kila programu ya Android hutiwa saini kwa ufunguo wa siri, na bila saini sahihi duka halipokei toleo jipya. Kwa programu mpya, tangu Agosti 2021, Google yenyewe hutunza ufunguo mkuu, na mtengenezaji hubaki na ufunguo wa kupakilia tu. Huo ukipotea, mwenye akaunti anaweza kuomba ubadilishwe. Ndiyo maana nimeitanguliza akaunti mbele ya kila kitu: mwenye akaunti ana njia ya kutoka.

Mambo yaliyobaki ni seva (kompyuta ya mtandaoni inayopokea oda) na hifadhidata yake, kikoa cha tovuti, yaani anwani yake, na mikataba ya malipo na kampuni za simu. Hizi za mwisho zisiwe kamwe kwa jina la mtengenezaji, kwa sababu fedha za wateja wako zitapitia humo.

Hatua ya tatu: andika barua moja iliyo wazi

Ujumbe mfupi kumi wa hasira kwa siku haumlazimishi mtu kujibu lolote. Barua moja yenye maswali yanayojibika humlazimisha, kwa sababu hata kimya chake kinakuwa jibu lenye tarehe. Itume kwa barua pepe, na nakala yake kwa WhatsApp. Inaweza kusomeka hivi:

"Bwana, nakusalimu. Kulingana na makubaliano yetu, programu ilipaswa kukabidhiwa tarehe uliyotaja kwenye fakitire, na tarehe hiyo imepita. Naomba kufikia Ijumaa saa kumi jioni nipate mambo manne: toleo la majaribio linalofunguka kwenye simu yangu, hata kama lina kasoro, orodha ya sehemu zilizokamilika na zisizokamilika, jambo linalokwamisha kila sehemu isiyokamilika, likiwemo lolote unalolisubiri kutoka kwangu, na mwaliko wa kuingia kwenye hifadhi ya msimbo. Niko tayari tukutane Jumamosi asubuhi ofisini kwako au dukani kwangu. Malipo yanayofuata nitayafanya baada ya kuyaona haya."

Angalia kwamba barua haina tusi, haitishi mahakama, na inampa nafasi ya kukulaumu kwa sehemu yako. Vijana wengi wanaotengeneza programu mjini kwetu hufanya kazi peke yao au wawili, huku wakishika wateja watano kwa wakati mmoja, na hunyamaza kwa aibu zaidi kuliko kwa hila. Barua ya heshima humtoa mwenye aibu mafichoni. Mwenye hila nayo humfichua, kwa kuwa atajibu kila kitu isipokuwa hayo manne.

Hatua ya nne: mkutano, na namna ya kusikiliza majibu

Kutaneni ana kwa ana ikiwezekana. Usikubali jibu la asilimia. Mtu anayesema "tumefika asilimia tisini" hajakwambia lolote, kwa sababu skrini zote zinaweza kuwa zimechorwa vizuri na hakuna hata moja inayozungumza na seva. Mwombe badala yake atoe oda ya mifuko mitatu ya unga mbele yako, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitumia simu yako. Pale atakaposimama ndipo kazi ilipofika.

Sababu za kuchelewa zipime moja moja. Umeme wa SNEL kukatika ni sababu ya kweli, lakini husogeza kazi kwa saa au siku chache, hausogezi kwa miezi. Kusubiri kibali cha kampuni ya simu ni sababu ya kweli pia. Omba kuona ombi lenyewe na tarehe lilipotumwa. Kuhusu ahadi ya kwamba programu itakuwa Google Play wiki ijayo, uliza akaunti ni ya namna gani. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hudaiwa jaribio la watu waalikwa tu (closed test) lenye watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba ruhusa ya kuitoa programu kwa watu wote. Kama jaribio hilo halijaanza, wiki ijayo haiwezekani, hata mtengenezaji awe hodari namna gani, na mtu anayeijua kazi yake angekwambia hivyo bila kuulizwa.

Mteja mwenye hasira mara nyingi hudai waongezwe watu. Ni vizuri kujua kwamba Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 wa kampuni ya IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Wageni wanahitaji kufundishwa kazi ilivyo, na wanaowafundisha ni walewale waliokuwa wakiifanya. Dai lenye manufaa zaidi ni kupunguza kazi. Mama mwenye depo anaweza kuanza na orodha ya bidhaa, oda, na malipo ya njia moja tu, ile inayotumiwa na wateja wake wengi. Ramani ya kumfuata mpeleka mzigo, pointi za wateja wazuri na lugha ya tatu zinaweza kusubiri.

Hatua ya tano: jaribu mwenyewe, hasa upande wa fedha

Toleo la majaribio likifika, usilitazame kwenye simu ya mtengenezaji wala kwenye simu yako ya bei ghali pekee. Lijaribu kwenye simu ndogo ya Tecno au Itel kama ile aliyonayo mchuuzi wa Katuba, yenye nafasi iliyojaa picha na mtandao dhaifu.

Malipo yajaribiwe kwa fedha halisi, kiasi kidogo kama faranga 500. Ni vyema uelewe njia yanayopitia. Programu hutuma ombi kwenye seva yako, seva humwomba mwendeshaji wa mtandao, simu ya mteja huonyesha dirisha la kuandika namba ya siri, kisha mwendeshaji hurudisha jibu kwenye seva. Kati ya hatua hizo mtandao unaweza kukatika, na hapo ndipo programu mbaya hula fedha ya mtu bila kuandika oda, au humtoza mara mbili. Kwa hiyo fanya majaribio matatu. Kwanza lipa kama kawaida. Kisha agiza tena, na dirisha likitokea ukatae kuandika namba ya siri. Oda inapaswa kuonekana kuwa haijalipwa. Mwisho agiza, andika namba ya siri, na mara hiyo hiyo zima data. Subiri dakika chache, washa data, fungua programu: oda iwe imelipwa mara moja tu, na salio lako liwe limepungua mara moja tu. Jaribio hili la tatu ndilo linaloanguka mara nyingi, na kama limeanguka, usilipe awamu ya mwisho wala usiwape wateja programu hiyo, hata mtengenezaji akikuhakikishia kwamba ni jambo dogo.

Kila hitilafu iandike kwa sentensi tatu: nilifanya nini, nilitarajia nini, kilitokea nini. Ongeza picha ya skrini na aina ya simu. Malalamiko ya "haifanyi kazi" hayamsaidii hata mtengenezaji mwenye nia njema.

Hatua ya sita: ratiba mpya, malipo mapya, mawasiliano mapya

Andikeni ukurasa mmoja unaorekebisha mkataba wa kwanza, nyote mtie saini. Gawanyeni kazi iliyobaki katika vipande vya wiki mbili, na kila kipande kiishe kwa kitu kinachojaribika: mchuuzi anaweza kujiandikisha, mchuuzi anaweza kuagiza, mchuuzi anaweza kulipa. Malipo yafuate vipande hivyo, na bakisha sehemu ya maana, kama robo ya bei, hadi programu ikae mikononi mwa wateja kwa mwezi mmoja bila hitilafu kubwa. Kinyume chake, usimnyime fedha ya kipande alichokimaliza kwa sababu una hasira na cha zamani. Mtengenezaji asiyelipwa alichostahili atatafuta mkate kwa mteja mwingine, na kazi yako itarudi chini ya meza.

Andikeni pia kwamba haki zote za msimbo zinahamia kwa mteja malipo yakikamilika. Sheria ya Kongo ya haki za mtunzi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, huanza kwa kumpa haki aliyeitunga kazi, na kulipa peke yake hakuhamishi haki hizo kama maandishi hayasemi.

Kuhusu mawasiliano, mkubaliane siku moja ya wiki na saa moja. Ijumaa mtengenezaji atume mistari minne: kilichokwisha, kinachofuata, kinachokwamisha, na anachosubiri kwako. Mkwamo wowote utajwe ndani ya siku moja tangu uonekane. Nawe ujifunge kujibu ndani ya siku mbili, na uache kumpigia simu usiku. Mapendekezo yako mapya yaandike kwenye orodha ya pembeni. Kila moja lipate bei yake na muda wake kabla halijaanza, vinginevyo ratiba mpya itakufa kama ile ya kwanza.

Hatua ya saba: ukilazimika kuachana

Ikiwa barua haikujibiwa, au vipande viwili mfululizo vya ratiba mpya vimekosa kukabidhiwa bila maelezo, ni wakati wa barua ya mwisho, ile ambayo mawakili wetu huiita mise en demeure. Itaje makubaliano, tarehe zilizovunjwa, unachodai, na muda wa mwisho, kwa kawaida siku nane au kumi na tano. Ni bora ifikishwe na ofisa wa mahakama, huissier, au ipokelewe kwa saini kwenye nakala yako.

Msingi wako wa kisheria ni imara kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 33 cha dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba kinasema kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Kanuni ya mambo ya kidijitali, iliyotolewa kwa sheria-amri nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inatambua maandishi ya kielektroniki, kwa hiyo ule ukusanyaji wa hatua ya kwanza una kazi hapa. Tangu Septemba 2012 nchi yetu iko pia chini ya sheria za biashara za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria hizo kwa pamoja, na mgogoro kati ya wafanyabiashara wawili hupelekwa kwenye mahakama ya biashara, ambayo Lubumbashi inayo. Hata hivyo pima gharama. Kwa avansi ndogo, siku za mahakamani na ada ya wakili zinaweza kuzidi unachodai, na suluhu ya kupewa msimbo ulivyo pamoja na sehemu ya fedha mara nyingi ina faida kuliko hukumu ya haki yote itakayokuja baadaye sana. Ushauri wa wakili kabla ya kutia saini suluhu hiyo si wa kuukwepa.

Siku ya kuachana fuata mpangilio. Pakua nakala ya msimbo na ya hifadhidata kwanza. Hakikisha seva na kikoa vimelipiwa kwa kadi yako, na uandike tarehe ya malipo yanayofuata. Ondoa ruhusa za mtengenezaji kwenye duka la programu na kwenye GitHub, badilisha maneno ya siri ya seva, na uombe kampuni za simu zibadilishe funguo za malipo, yaani maneno ya siri ambayo seva yako hutumia kuziomba malipo, kwani funguo za zamani zikibaki, mlango wa fedha zako uko wazi.

Mtengenezaji mpya usimpe kazi yote mara moja. Mlipe siku mbili au tatu za kuukagua msimbo, naye akuandikie kama unawashwa na kuendeshwa kwenye kompyuta yake, sehemu gani zinaweza kuokolewa, na zipi lazima ziandikwe upya. Wapo watakaosema papo hapo kwamba yote ni takataka kabla hata ya kufungua faili moja, hao waache. Mtu wa kuendelea naye ni yule anayekuonyesha, kwenye simu yako, oda ya mifuko mitatu ikipita pale ilipokuwa imekwama, ndipo mzungumze bei ya kazi iliyobaki.